Mshitakiwa Asemapo: Nilikuwa Kwingine

Wasomaji wengi wa sehemu hizi za Nakuru, Njoro na Molo wamepata kulisikia neno alibai, hata kama hawakupata kusimama kizimbani. Mawakili hulisema, makarani wa mahakama huliandika, na siku hizi hata vijana wa mjini hulitumia wakikosa kufika kazini: “Mimi nina alibai,” maana yake wana sababu ya kusema. Matumizi hayo hayanipendezi. Neno lenyewe ni la Kilatini, alibi, na maana yake ni “mahali pengine” tu. Halina ndani yake udhuru wala hila.

Shida huanza pale linapotakiwa kusemwa kwa Kiswahili. Sheria ya Kenya yaruhusu mahakama za chini kuendesha kesi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, yampa mshitakiwa asiyefahamu lugha ya mahakama haki ya kupewa mkalimani bila ya kulipa. Katika Bonde la Ufa, ambako kijiji kimoja chaweza kuwa na Mkikuyu, Mkipsigis, Mluhya na Mturkana, mkalimani ni mtu mkubwa kuliko anavyodhaniwa. Nami nimesikia wakalimani wakisema, “Mshitakiwa anatoa udhuru.” Wengine husema “kisingizio”. Hebu tuyapime maneno hayo. Udhuru hutolewa na mtu aliyepaswa kufika mahali asifike. Je, yuko mtu apaswaye kuwapo penye wizi? Na kisingizio kimetoka katika kusingizia, yaani kumzulia mwenzio jambo. Mtu ambaye maneno yake yameitwa hivyo amekwisha kuhukumiwa kabla hakimu hajafungua kinywa.

Wakalimani walio hodari zaidi husema “ushahidi wa kutokuwapo”. Hilo ni afadhali, lakini bado halitoshi. “Sikuwapo” ni kukana tu. Kila mwizi na kila asiye mwizi huweza kulisema. Mwenye alibai hutaja alikokuwa: nilikuwa Elburgon, kwa shemeji yangu, tangu magharibi hata alfajiri. Hapo polisi wamepewa njia ya kufuata na mlango wa kubisha. Tena hilo neno ushahidi latutia katika kosa kubwa zaidi, kwa maana humfanya msikiaji adhani kwamba mshitakiwa ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Sivyo hata kidogo. Mwaka 1984 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilieleza wazi kwamba mshitakiwa anayejitetea hivyo hajitwiki mzigo wowote wa kuthibitisha. Yatosha maneno yake yakitia katika mawazo ya mahakama shaka isiyo ya upuuzi. Ni upande wa mashitaka unaopaswa kuyavunja. Kwa hiyo mimi husema “dai la kuwa kwingine”. Ni maneno marefu, najua, lakini mtu asifungwe kwa ajili ya ufupi wa maneno.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha maziwa, nikaitwa mahakamani pamoja na kitabu changu cha mapokezi. Aliyeshitakiwa alikuwa mzee mmoja mfugaji, kwa wizi wa mitamba miwili ya jirani yake. Alikuwa amekaa rumande miezi minne kwa kukosa mdhamini. Karatasi ya mashitaka ilisema wizi ulitendeka yapata saa tatu ya usiku, nayo iliandikwa kwa hesabu ya Kiingereza, saa tisa. Mzee akaeleza kwa Kikipsigis kwamba saa tatu ya usiku alikuwa kituoni petu, akisukuma lori la maziwa lililokwama matopeni. Mkalimani akachukua hiyo tatu, akaiweka katika Kiingereza vilevile ilivyo. Basi katika kumbukumbu za mahakama ikawa mzee amejieleza juu ya saa tisa za usiku wa manane, na juu ya saa ya wizi hakusema neno!

Nilipopanda kizimbani nikasoma kitabu: lori liliondoka saa nne kasorobo ya usiku, na jina la mzee lilikuwamo miongoni mwa waliolipwa kwa kulisukuma. Hakimu, mama mmoja mtulivu, aliinua kalamu akaniuliza, “Ni saa nne ya Kiswahili au ya Kizungu?” Nikajibu. Akarudi nyuma kurasa kadhaa katika daftari lake, akaamuru mzee aulizwe upya. Siku ya hukumu aliachiliwa. Alipofika nyumbani alikuta ng'ombe wake watatu wamekwisha kuuzwa ili watoto wapate kula.

Saa si mtego wa peke yake. Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili siku huanza jua likitua, hata “usiku wa Jumapili” ukawa ule unaotangulia Jumapili; watu wengi wa bara, wakisema hivyo, wanakusudia usiku unaofuata. Mashahidi wawili wakweli waweza kuapa juu ya usiku mbili mbalimbali kwa jina moja. Afadhali kusema “usiku wa kuamkia Jumapili”, na kuongeza tarehe.

Jambo jingine ni kutaja mapema. Tangu mwaka 1939 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilisema kwamba dai likikawia miezi mingi, watu watashuku kuwa limetengenezwa, na likitajwa mara moja polisi wapata nafasi ya kulichunguza. Tanganyika ya jana, Tanzania ya leo, imelitia katika sheria yake ya mwenendo wa jinai ya 1985: mshitakiwa atoe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, ama sivyo, aeleze habari zake kabla upande wa mashitaka haujamaliza, asipofanya hivyo, mahakama yaweza kutoyapa maneno yake uzito wowote.

Baba zetu katika mashamba ya walowezi walivaa kipande shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, kikiwa na alama za vidole na tarehe za kuanza na kuacha kazi kwa kila bwana. Karatasi ile ilitungwa ili wasiwe kwingine. Sisi twabeba simu. Ujumbe wa M-Pesa una tarehe na saa, nao husaidia, ingawa huonyesha simu ilitumika lini, wala si nani aliyeishika.

Karani aliyeshika nafasi yangu ana kitabu kipya chenye mistari mizuri. Nimemwomba, kila aandikapo saa, aongeze asubuhi, jioni au usiku. Asema nafasi ni ndogo. Nimempa rula achore safu nyingine.