Reli Iliyokuta Makaburi

Msafiri ashukaye leo Newhaven, ufukweni mwa mji wa Edinburgh katika Scotland, huliona gari la tramu likiteleza relini kwa upole, wala hadhani kuwa njia ile ilipata taabu.

Mwaka 2014 tramu ilianza kwenda kutoka kiwanja cha ndege, ikaishia katikati ya mji. Gharama zilikuwa zimepita kiasi, na bahari haikufikiwa. Kazi iliposhikwa tena mwaka 2019, barabara zilichimbuliwa, na wenye maduka ya Leith Walk wakapungukiwa wanunuzi.

Kisha, katika barabara ya Constitution Street, kando ya kanisa la kale, wachimbaji wakakuta wafu zaidi ya 360, waliozikwa baina ya mwaka 1300 na 1650. Walikuwa chini ya njia ikanyagwayo kila siku. Wataalamu wakapewa nafasi, mifupa ikatolewa kwa uangalifu, ndipo reli ikalazwa. Tarehe 7 Juni 2023 tramu ikafika Newhaven.

Enyi vijana wetu, mji ukikua hudai nafasi. Mwenye duka atajitetea kwa ulimi wake; aliye kaburini hana wa kumtetea ila sisi tulio hai.