Mwambie Hatujambo

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii nimeitia katika insha mara nyingi, lakini maana yake niliijua likizo moja niliyokaa kwa ami yangu.

Ami ni askari. Mwaka 2023 alikuwa Somalia, nchi ambayo serikali yake ilianguka mwaka 1991 kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mkewe, tunayemwita mama mdogo, hakubahatika kupelekwa shule, basi mimi ndimi niliyekuwa karani wake. Jioni ananipa simu na kusema, "Mwandikie baba Neema. Mwambie hatujambo." Nami naandika hatujambo. Kumbe Neema yuko kitandani na malaria, mahindi yamekauka shambani, na mwenye duka amekataa kutukopesha! Nikimuuliza mbona hatumwambii, ananijibu, "Aka, mwanangu! Mtu aliyeshika bunduki hatwishwi mizigo ya nyumbani."

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu wa historia alitusomea barua ya mke mwingine wa askari. Jina lake Martha Glover, mtumwa katika jimbo la Missouri, Marekani, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mumewe, Richard, alikuwa amejiunga na jeshi la Kaskazini. Barua ni ya tarehe 30 Desemba 1863.

Utauliza, si Rais Lincoln alikuwa ametangaza uhuru wa watumwa tarehe 1 Januari mwaka huohuo? Naam, lakini tangazo lile lilihusu majimbo yaliyoasi tu. Missouri haikuasi. Kwa hivyo mume anapigania uhuru, na mke bado ni mali ya mtu!

Martha hakusema hatujambo. Alimweleza mumewe kwamba anateswa kwa sababu yeye ameenda jeshini, na kwamba juzi tu amepigwa vibaya.  Na mshahara wa mumewe je? Siku hizo askari mweusi alilipwa dola 10 kwa mwezi, akakatwa 3 za nguo, ilhali mwenzake mzungu alipata 13. Martha akamlaumu waziwazi: nilikuonya, na bado ukaniachia watoto hawa wadogo. Kisha akamsihi aombe ruhusa aje wamwone, kwani watoto wanamtaja kila wakati.

Darasa zima lilinyamaza kama maji mtungini. Mimi nilimkumbuka mama mdogo. Nilikuwa nimedhani mke mwema ni yule anayeficha. Sasa nikaona kwamba lawama za Martha zilikuwa mapenzi pia. Alimlaumu mtu aliyeamini kwamba angali mwenziwe katika nyumba ile. Missouri ilifuta utumwa tarehe 11 Januari 1865, zaidi ya mwaka mmoja baada ya barua hiyo.

Likizo iliyofuata mama mdogo alinipa simu kama kawaida. "Mwambie hatujambo." Siku hiyo Neema alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Niliweka simu chini nikamsimulia habari za Martha. Alisikiliza huku akichambua mboga, asiseme neno. Mwishowe akapangusa mikono kwa leso.

"Haya, andika. Baba Neema, mimi nimechoka. Neema hayuko shule. Usiku nikisikia mlango nafikiri ni watu wanakuja kuniambia umekufa. Mbona hukai nasi?"

Vidole vyangu vilitetemeka. Jibu lilifika usiku wa manane, nikamsomea: "Mama Neema, nafuu umesema. Hizo hatujambo zako zilikuwa zikininyima usingizi. Karo nitatuma mwisho wa mwezi."

Alilia, kisha akacheka, kisha akaniambia nimsomee tena.

Ndugu msomaji, ukiwa karani wa mtu, usiwe na haraka ya kuandika hatujambo. Muulize kwanza: je, ni kweli?