Maji ya Baraka si Hirizi



Juma hili napenda tutafakari juu ya ulinzi wa Mungu, jambo ambalo sisi tunaoishi karibu na mto Ruvuma hatulisemi kama watu walio mbali. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, ukingoni mwa mto huo, kilishambuliwa na watu wenye silaha waliovuka kutoka Msumbiji. Mwezi Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya pili, ulivamiwa, na maelfu ya watu wakayakimbia makazi yao. Wengi wetu tuna ndugu pande zote mbili.

Baada ya habari za Kitaya, mama mmoja aliniletea dumu la maji niyabariki. Nilipomaliza akaniuliza: "Padre, nikinyunyiza mlangoni, hawataingia?"

Swali hilo si geni huku kusini. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, nao wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka kuwa maji. Walikuwa na sababu ya kuchoka: kodi, viboko, na kazi ya lazima katika mashamba ya pamba. Lakini risasi hazikugeuka. Na katika vita hiyo hiyo, tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeanzisha misheni ya Peramiho, aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Bila shaka nao walikuwa wamemwomba Mungu awalinde.

Je, tuseme kwamba maji ya Ngarambe na maji ya Ubatizo yalishindwa sawasawa? La, hasha. Hirizi huahidi kwamba kifo hakitakufikia. Ubatizo haukuahidi hivyo kamwe. Ulituzamisha katika kifo cha Kristo ili tufufuke pamoja naye. Maji ya baraka hutukumbusha Ubatizo huo. Ndivyo nilivyomjibu mama yule: nyunyiza, mama, na usali, Mungu anaweza kuuzuia mkono wa mwovu. Lakini hata asipouzuia, hajakuacha.

Ndiyo imani ya wale vijana watatu mbele ya tanuri la Nebukadneza. Walikiri kwamba Mungu aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawatasujudia sanamu. Tukumbuke pia kwamba juu ya kinara cha hekalu ni Shetani aliyeitumia zaburi ya ulinzi kumshawishi Bwana ajitupe chini. Yesu alikataa. Anayemtumaini Baba hamjaribu.

Kwa hiyo ujasiri wa Kikristo si kuidharau hatari. Yosefu alimchukua Mtoto na Mama yake akakimbilia Misri usiku, wala hakuna anayemwita mwoga. Anayekimbia ili kuokoa watoto wake hajapungukiwa na imani. Lakini wapo walioitwa kubaki. Sista Maria De Coppi, Mkomboni kutoka Italia, alikuwa Msumbiji tangu mwaka 1963. Usiku wa tarehe 6 Septemba 2022 aliuawa kwa risasi katika misheni ya Chipene. Mwili wake haukuepushwa na risasi. Upendo wake haukufikiwa nayo.

Nasi ujasiri wetu uonekane wapi? Kwanza, katika kumfungulia mlango anayekimbia. Pili, katika kukataa chuki. Wapo wanaotaka tumwogope kila jirani Mwislamu. Ndugu zangu, wengi waliouawa kule Cabo Delgado ni Waislamu, na hapa Mtwara tunazikana, tunakopeshana chumvi, tunavua pamoja. Adui akifaulu kututenganisha na jirani zetu, atakuwa ameingia nyumbani bila kuvuka mto.

Tusali: Ee Baba, utulinde na mwovu sisi na jirani zetu wa pande zote mbili za Ruvuma. Uwapokee waliouawa, uwageuze mioyo waliowaua. Na saa ya hofu ikifika, usituache tuache kupenda. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Dominika njema.

Padre wenu