Safari ya Mbarara na Babu

Mwezi huu nawaletea safari fupi, ila imenifundisha mengi kuliko kitabu.

Hapa Base Camp tuna jirani mzee, watoto wote tunamwita Babu. Mwaka 2008 tulipofika toka Kivu ya Kaskazini, mimi nikiwa na miaka 6, ndiye alitupa mahindi na kumwonyesha mama njia ya ziwani. Kwa Kiswahili chake nilidhani ni Mkongo kama sisi, ametutangulia tu kidogo.

Majuzi nilimsindikiza Mbarara kununua miwani. Ndani ya teksi tumebanana kama kawaida, migomba kushoto, migomba kulia. Kupita Kaberebere, akanishika mkono.

"Mwalimu, kilima kile ndo kwangu."

"Kwako, Babu? Si ni Nakivale?"

Akacheka, akaanza kusimulia. Kumbe aliingia Nakivale mwaka 1960, naye ana miaka 8, pamoja na mama yake, wakikimbia vurugu zilizoanza Rwanda 1959. Kambi ndo ilikuwa inaanza: pori, mbung'o, ng'ombe wanakufa. Alipokua akaoa, akahamia kilima kile, akapanda ndizi. Mwaka 1982, wakati wa serikali ya Obote, Wanyarwanda wakafukuzwa sehemu hizo. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Akarudi Nakivale mikono mitupu, mkimbizi mara ya pili.

Baada ya 1994 wenzake wengi wakarudi Rwanda. Nikamwuliza, "Na wewe mbona ulibaki?"

"Mama yangu amelala pale karibu na ziwa. Ningemwachia nani?"

"Na Kiswahili je?"

"Nilijifunza kwa Wakongo wa kwanza. Wageni ningewakaribisha kwa lugha gani?"

Miwani tukapata. Wakati wa kurudi akaivaa, akakitazama kilima kile mpaka kikapotea nyuma yetu. Hakusema kitu, na mimi sikuuliza.

Jumapili nilikwenda naye kaburini pamoja na wanafunzi wangu wachache. Tukang'oa majani, tukapanga mawe upya. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu ni nani wetu?" Babu akajibu mwenyewe: "Ni nyanya yenu."

Ndugu zangu, miaka 17 nimeishi mlango kwa mlango na mzee huyu bila kumwuliza ametoka wapi. Nawe leo jioni, muulize mzee wa jirani yako.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.