Kitovu cha binti kimezikwa wapi?

Siku tatu kabla ya Krismasi, baba mmoja anayeishi Houston, Marekani, alisimama na watoto wake wawili nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake. Ni kijijini, karibu na Orlu, Jimbo la Imo, kusini mashariki mwa Nigeria. Watoto walizaliwa Marekani, na hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kufika kwao.

Kaka yake ndiye aliyekuwa akiwatembeza. Aliwaonyesha ogirisi, miti ambayo Waigbo huipanda mpakani ili kila mtu ajue eneo lake linaishia wapi. Akamshika mkono mvulana wa miaka 12. "Kuanzia mti huu hadi ule pale ni kwa baba yako. Kesho na keshokutwa ni kwako."

Binti wa miaka 9 akauliza, "Na kwangu ni wapi, baba mkubwa?"

Mzee akacheka, wala hakuwa na ubaya. "Wewe mama, kwako ni kwa mumeo."

Binti hakulia. Jioni ndugu walipojaa uani alikataa kutoka chumbani. "Hapa ni kwao na kaka," alimwambia mama yake. "Mimi ni mgeni tu."

Maneno hayo yalimchoma baba. Alikuwa ameweka akiba kwa muda mrefu ili watoto wapajue nyumbani, na sasa mmoja alikuwa amepapata, mwingine amepapoteza siku hiyo hiyo.

Kwa Waigbo, ardhi si mali tu. Neno lao la ardhi, Ala, ndilo pia jina la mungu wa kike ambaye mababu walimheshimu kama mlinzi wa maadili. Ardhi ya familia iko chini ya umunna, yaani ndugu wa ukoo wa upande wa baba, na mtu hawezi kuamka tu akaiuza. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1978 iliiweka ardhi ya kila jimbo chini ya gavana, lakini kijijini wazee wa umunna bado ndio wanaojua nani analima wapi.

Vita vya mwaka 1967 hadi 1970 viliongeza uzito wa jambo hili. Waigbo wengi waliorudi Port Harcourt baada ya vita walikuta nyumba zao zimehesabiwa kuwa mali iliyotelekezwa. Tangu hapo wazazi wengi huwaambia watoto wao: jenga popote utakapo, lakini usikose nyumba kijijini.

Usiku ule mama, ambaye ni muuguzi, alifungua sanduku akatoa bahasha ndogo. Ndani yake kulikuwa na kitovu cha binti, kilichodondoka siku ya nane baada ya kuzaliwa. Kilikauka chenyewe, bila kupakwa kitu chochote, kama yeye mwenyewe anavyowafundisha wazazi kazini. Cha mvulana kilipotea. Hiki alikihifadhi kwa miaka 9 kwa sababu mama yake mzazi alimwomba.

Kwa mila yao, kitovu cha mtoto huzikwa nyumbani chini ya mti, mara nyingi mchikichi, na mti huo huwa wa mtoto. Mtu mzima akitaka kuonyesha kwamba yeye ni wa pale, husema kitovu chake kimezikwa pale.

Asubuhi baba alikipeleka kwa kaka yake. "Kaka, tulichobeba ni cha binti. Tukizike wapi?"

Mzee akanyamaza. Mdogo wake akamkumbusha kwamba Aprili 2014, katika kesi ya familia ya Ukeje, Mahakama ya Juu ya Nigeria iliamua kuwa mila ya kumnyima binti urithi wa baba yake inapingana na Katiba. Baba wa familia hiyo alifariki mwaka 1981 bila kuacha wosia.

"Mahakama iko Abuja," mzee alijibu. "Sisi tuko hapa." Kisha akainuka, akachukua jembe.

Alichimba mwenyewe, ndani ya mpaka aliouonyesha jana yake. Binti akaweka kitovu chake, kaka yake akashika mche wa mchikichi, wakafukia pamoja. Lakini mzee alisema wazi: mti ni wa mtoto, suala la ardhi litakwenda kwa umunna.

Baba hakukaa kusubiri. Ardhi ya ukoo asingeweza kuigawa kwa wosia peke yake, ila alikuwa na kiwanja alichonunua kwa fedha zake. Kabla ya kurudi Marekani alikwenda Owerri kwa mwanasheria, akaandika wosia wa kiwanja hicho kwa majina ya watoto wote wawili. Hilo la ukoo bado linazungumzwa.

Mzazi unayepanga kuwapeleka watoto kwenu, chanjo ya homa ya manjano na dawa za kukinga malaria ziandaliwe mapema, maana mtoto aliyekulia Ulaya au Marekani hana kinga ya malaria. Lakini zungumza mapema pia na ndugu watakaowapokea. Waulize watamwambia nini binti yako atakapouliza kwake ni wapi. Swali hilo likijibiwa vibaya, tiketi mtakuwa mmelipia bure.

Siku hizi binti humpigia simu baba yake mkubwa kila Jumapili kuuliza kama mbuzi wameula mchikichi wake. Wiki chache zilizopita mzee alimtumia picha. Mche ulikuwa umezungushiwa uzio wa miti, na ameufunga kwa mikono yake mwenyewe.