Kwa baiskeli hadi Thika: Njia ipo, lakini je, mtoto atapita salama?

Kama unaishi Kasarani, Githurai, Kahawa au Ruiru, bila shaka umewahi kukwama ndani ya matatu katika barabara kuu ya Thika, ukatazama dirishani na kumwona mtu akikupita kwa baiskeli. Anakanyaga pedali taratibu, hana haraka, wala hadaiwi nauli. Wewe umelipa, umebanwa kama dagaa, na kazini umeshachelewa.

Kwa miaka mingi nami nilikuwa mtazamaji wa dirishani. Aliyenitoa huko ni mpwa wangu, kijana wa miaka 15. Anaishi na mamake Githurai na anasoma katika shule ya kutwa upande wa Ruiru, mwendo wa kama kilomita kumi. Nyanyake alipomnunulia baiskeli, kijana alitangaza nyumbani kwamba yeye na matatu wameagana.

Mamake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alikataa katakata. Jirani yao alikuwa amegongwa na gari akitoka kazini kwa baiskeli, na hadi leo anatembea kwa magongo. Baiskeli ikafungwa kwa mnyororo chini ya ngazi. Kijana akanuna, chakula akawa anakula nusu. Mwishowe dada akanipigia simu.

"Wewe ndiye mjomba wake," akaniambia. "Ipite hiyo njia wewe kwanza. Ukirudi mzima, unieleze kama ungemwachilia mwanao."

Barabara na kando yake

Barabara hii ilijengwa kati ya 2009 na 2012, na Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi Novemba 2012. Ni karibu kilomita 50 kutoka jijini hadi Thika, na iligharimu zaidi ya Sh30 bilioni. Watu wengi wanapoisifu huzungumzia leni zake nyingi na madaraja yake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kandokando yake zilitengwa pia njia za watembea kwa miguu na waendesha baiskeli.

Niliazima baiskeli kwa fundi wa mtaani kwangu Kasarani. Kabla hajaniachia, alinionyesha mambo matatu ambayo sharti yaangaliwe kila asubuhi: breki zishike, magurudumu yawe na upepo wa kutosha, na cheni isiwe imelegea. "Wengi huosha baiskeli ikang'aa," alisema, "lakini breki hawazijaribu mpaka wafike mteremkoni."

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliupita Uwanja wa Kasarani, ule uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, nikaelekea Githurai kumchukua mpwa wangu. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili na magari yalikuwa machache, mamake alikubali tuandamane.

Githurai ndipo mtihani wa kwanza. Njia ya baiskeli huingia sokoni na kupotea. Hata asubuhi ile ya mapema wafanyabiashara walikuwa wakipanga nyanya, sukuma wiki na viatu vya mitumba juu yake, na bodaboda zilikuwa zimeegeshwa katika nafasi iliyobaki. Sitawalaumu akina mama wanaotafuta riziki pale. Wanauza mahali wateja wanapopita. Tulishuka, tukakokota baiskeli zetu polepole katikati ya watu hadi tukatokea ng'ambo.

Mteremko wa Ruiru

Ukishaipita Githurai, msomaji, moyo unatulia. Njia inanyooka mbele yako kupitia Kahawa, na miti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta inaanza kuonekana. Mahali hapo palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, kabla ya kukabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 na kugeuzwa kuwa chuo. Wanafunzi kadhaa walikuwa wakikimbia mazoezi, nao walitupungia mikono.

Mpwa wangu alikuwa mbele akipiga gumzo bila kuhema, nami nyuma nikihema bila kupiga gumzo. Alinieleza habari za Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa mbio za baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, kabla ya kwenda Ulaya na kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. "Mjomba," aliniambia, "yeye pia alianzia kwenye barabara zetu hizi."

Labda ni sifa hizo zilizonitia wazimu. Tulipofika mteremkoni kabla ya Ruiru niliachilia breki nipate kumpita. Sikuona kwamba kifuniko cha mtaro mmoja hakikuwapo. Gurudumu la mbele lilitumbukia, nami nikarushwa juu ya usukani nikaangukia kiwiko. Suruali ilichanika gotini na damu ikatoka. Kijana aliirudisha baiskeli yake mbio, uso umemsawajika.

"Mjomba, usimwambie mama," ndiyo maneno yake ya kwanza.

Tulikaa kando ya njia mpaka damu ikakatika. Nilimwambia kwamba nikimficha mamake hili, basi safari nzima itakuwa ya uongo. Hakunijibu. Tuliendelea kimya hadi makutano ya Eastern Bypass, na hapo nikaona hatari kubwa kuliko mashimo. Magari yanayoiacha barabara kuu huikata njia ya baiskeli bila kupunguza kasi, na dereva wa matatu hutazama abiria walioko stejini kuliko anavyomtazama mwenye baiskeli. Hapo tulisimama, tukaweka miguu chini, tukangoja.

Mpaka kwenye maporomoko

Shule iko karibu na hapo, lakini tulikuwa tumeahidiana kufika Thika. Tulipita Juja, mji wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambako tulikunywa chai na kula mandazi. Kutoka hapo mandhari hufunguka. Upande wa kulia, mbali kule, kilisimama Kilimambogo kikiwa na kofia ya ukungu. Tuliteremka hadi Mto Ndarugu, mara hii mikono ikiwa kwenye breki, kisha tukapanda ule mwinuko wa ng'ambo ambao uliniumiza mapaja kuliko kiwiko.

Thika tulienda moja kwa moja kwenye maporomoko ya maji. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa 1908, imekaa kati ya mito miwili, Chania na Thika, na kila mto una maporomoko yake. Ukiketi pale husikii gari lolote, ni maji tu. Tulinunua nanasi, tukala. Kijana akasema hajawahi kufika Thika ila kwa kupitia tu, amelala dirishani.

Wakati wa kurudi miguu yangu ilikataa. Tulimlipa mwenye pikapu, tukapakia baiskeli, tukarejea Githurai.

Jumapili si Jumatatu

Nilimweleza dada kila kitu, hata kifuniko kile. Alinifunga kiwiko kwa kitambaa, kisha akasema neno ambalo sikuwa nimelifikiria. "Mwanangu haendi shule Jumapili."

Basi kesho yake nikarudi peke yangu. Saa kumi na mbili kasorobo kulikuwa bado na giza. Githurai ilikuwa imefurika watu, utingo wakipiga kelele, matatu zikipanda juu ya njia ya miguu kuwahi abiria. Bodaboda mbili zilinijia mbele kwa mbele, zikitumia njia ya baiskeli kukwepa msongamano. Lakini nilipoipita Githurai na jua likachomoza, nilikuta njia ikiwa karibu tulivu kama jana yake. Nikafika lango la shule bila kisa.

Nilimpa dada jibu langu: mwanangu ningemwachilia, ila si kutoka mlangoni wala si gizani. Kijana aikokote baiskeli kupita Githurai yote, apande akishatoka sokoni. Asiondoke kabla ya mwanga. Makutano ya Ruiru asimame, mguu chini, hata kama hakuna gari analoliona. Mteremkoni asiachilie breki kama mjombake. Na kabla ya kwenda peke yake, nimsindikize kwa wiki mbili.

Dada alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza jaketi za kung'aa zinauzwa wapi.

Kwa familia yako

Kama watoto wako bado hawajazoea baiskeli, msomaji, usianzie kando ya barabara kuu. Wapeleke Msitu wa Karura, ambako baiskeli hukodishwa na hakuna matatu ya kuwakimbiza. Njia za humo si za lami, ni za udongo, lakini ni pana na zina kivuli. Msitu huo ungalikuwa majumba leo kama si watu waliosimama na Profesa Wangari Maathai kuutetea mwaka 1999.

Wakishajua kupiga breki na kutazama nyuma bila kuyumba, ndipo uwalete kwenye lami, Jumapili asubuhi, kuanzia Kahawa hadi Juja. Mkubwa awe nyuma ya watoto wala si mbele, ili awaone wote. Beba maji, pampu na tyubu ya akiba. Na helmeti si mapambo. Kama ningeangukia kichwa badala ya kiwiko, makala haya yangeandikwa na mtu mwingine.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipata sera iliyotaka asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa watembea kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Kwa mzazi wa Githurai, sera hiyo ina maana ndogo sana na rahisi kupima: kifuniko kiwepo juu ya mtaro, na soko lipewe mahali pake ili njia ibaki njia.

Wiki mbili za kumsindikiza ziliisha Ijumaa. Jumatatu iliyofuata dada alitembea na mwanawe mpaka ng'ambo ya soko, kijana akikokota baiskeli, akasimama akilitazama jaketi la manjano mpaka likapotea. Saa moja na dakika tano simu yangu ililia. Bawabu wa shule alikuwa amemwazima kijana simu yake ampigie mamake.

"Amefika," dada akaniambia, akakata.

Nawe dereva, ukimwona asubuhi kando ya barabara ya Thika, tafadhali mwachie njia yake.