Upepo Mwanana katika Mwambao wa Tanga

Tanga, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, ni nchi ya washairi na ya wavuvi. Na juu ya neno mwanana makundi haya mawili hayasikilizani. Kisarufi, mwanana si jina la upepo. Ni kivumishi chenye shina -anana, yaani -ororo, na kiambishi chake hufuata nomino: upepo mwanana, maji manana. Lakini neno limeshikamana mno na upepo, hata wasemaji wengi hudhani mw- ni sehemu ya shina. Manana huwashtua, wapo wanaolisahihisha kwa kalamu nyekundu!

Mshairi akilitaja, msomaji huona faraja: joto limepungua, mpenzi yu karibu. Mvuvi wa Tongoni au Pangani huzigawa pepo kwa majira na kwa upande zitokako: kusi, kaskazi, matlai, na umande uvumao alfajiri kutoka bara, ambao humtoa pwani. Umande huo ukiwa mwanana mno, tanga hulegea, ngalawa hukawia, na jua humkuta hajafika mwambani. Kwake huo ni upungufu wa nguvu, wala si sifa. Fasili ya “upepo mzuri” imemsikiliza mshairi peke yake.